Kabichi ya Leokadia

Nyuzi joto thelathini na saba.
Ndani ya kabati lisilo dirisha, ghorofa ya tatu, Lublin,
seli zimejilaza kwenye visahani
kana kwamba bado zimo tumboni mwa mtu.
Mwenyewe alikufa kabla sijazaliwa.
Seli zake hazikuambiwa.

Kazi yangu ni kuzilisha Jumatatu na Alhamisi,
na Ijumaa kuzitilia sumu.

Sumu yenyewe ni ya kabichi.
Si kabichi nzima: ni kile kinachozaliwa
jani linapojeruhiwa,
kisu kikapita, vyumba viwili vya jani vikapasuka,
cha huku kikakutana na cha kule,
ukali ukapanda puani.
Mmea hauna miguu ya kukimbilia;
umejifunza kumwashia mdudu moto mdomoni.

Nadondosha. Nasubiri siku mbili.
Hadubini inanionyesha zile zilizoshikana sakafuni kama vigae
zimejikunja, zimebanduka,
zinaelea moja moja, duara, hazina pa kushika.
Naandika: asilimia sitini na moja.
Grażyna anapiga kofi moja, anarudi kwenye chai yake.

Nyumbani, mama anakata kabichi.

Vichwa kumi na viwili, kama kila Oktoba,
ubao ule ule wenye wembe katikati,
pipa lile lile.
Ila mwaka huu anakata ameketi,
na kitambaa amekishusha mpaka nyusi,
nyusi ambazo hazipo.
Chumvi anaipima kwa kiganja.
Mtu huyu amekula chumvi nyingi,
na iliyobaki anaisukumiza majanini kwa ngumi
mpaka majani yatoe machozi.

"Bwana Zenon wa chini kasoma gazetini," anasema.
"Eti kabichi inaua saratani.
Wewe ndiye unayeshinda huko ndani. Kweli?"

Ningesema nini?
Ningesema: mama, kwenye kisahani
hata sabuni inaua. Hata siki.
Hata usahaulifu wangu, Jumatatu moja tu bila kuzilisha.
Ningesema kisahani hakina ini la kuchuja,
hakina figo, hakina damu ya kubeba kitu popote,
hakina mtu wa kuniuliza swali jikoni.
Ningesema: tone langu lile, ukilitafuta kwa kijiko,
labda ungemaliza shamba la mjomba Ksawery pamoja na mizizi,
na bado tungekuwa hatujui.
"Hatujui" ningeitamka kwa sauti ipi,
kwa lugha hii aliyonifundisha yeye?

"Inaua kwenye kisahani," nikasema.

Wembe ukapita mara nne.

"Na mimi si kisahani."
"Wewe si kisahani."
"Basi Jumanne nakwenda kutundikiwa dripu, kama kawaida.
Bwana Zenon nitampa mtungi.
Yule kichwani ni kisahani kitupu."

Tukacheka mpaka akakohoa.
Mama hukata kabichi. Tamaa sijamwona akiikata.

Tulilikandamiza pipa kwa jiwe la mtoni.
Wiki tatu likapumua kwenye ushoroba,
nami kila nikirudi kutoka kwa seli zangu
harufu inanipokea mlangoni kabla yake.

Dripu ya nne ilimwachia ulimi wa chuma.
Mkate, chuma. Supu ya kuku, chuma.
Maji, alisema, ni kama kulamba reli.
Nikafunua pipa. Nikaichemsha kwanza,
maana daktari alikataza mbichi,
na ninajua, ni kazi yangu kujua,
kwamba moto huo huo ulikuwa unakifuta
kile ninachokihesabu mimi maabara.

Akachovya uma.
Akafumba macho.
"Chachu," akasema. "Chumvi nimezidisha."

Akachovya tena.

Daftari letu lina safu ya kipimo, safu ya saa,
safu ya zilizokufa.
Nimeandika pembeni, kwa penseli:
uma tatu.